Mtutu Mfupi na Kiwambo: Gesi Iliyobaki Huenda Wapi?

Msomaji aliyezoea riwaya za upelelezi bila shaka anaikumbuka bastola yenye kiwambo. Jasusi huingia chumbani usiku, husikika mlio hafifu mfano wa kizibo cha chupa kinachong'olewa, na jirani wa chumba cha pili huendelea kukoroma. Picha hiyo imetuingia vichwani kiasi kwamba hata watu wenye elimu huisadiki. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwa nini haina ukweli, na kwa kufanya hivyo kueleza kanuni chache za gesi na za sauti ambazo ni vigumu kuzipata zikiwa wazi kama zilivyo katika bunduki ya mtutu mfupi. Sikusudii kumfundisha mtu kutengeneza silaha wala kumchagulia. Ninachokifuata katika somo hili ni sikio, kwa sababu itakayoonekana hivi punde.

Mwaka 2012, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, wanafunzi wenzangu wawili walinichukua Jumamosi moja kwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Katika nchi ile kulenga shabaha ni mchezo, na wapenzi wake huzungumza habari za bunduki kama vile wavuvi wetu wanavyozungumza habari za ngalawa: ipi nyepesi, ipi ya mbio, ipi yenye lawama. Chini ya paa la bati palikuwa na meza ndefu, na juu yake silaha fupi tatu. Wenyewe walikuwa wakibishana.

Wa kwanza alikuwa na bunduki ya kaliba ya milimita 5.56, ile ya ukoo wa M16, lakini mtutu wake ulikuwa wa inchi 10 na kidogo tu, yaani sentimita 26 hivi. Alijivunia kasi ya risasi yake. Wa pili alikuwa na bunduki iliyofanana na hiyo kama pacha, ila risasi zake zilikuwa za aina iitwayo 300 Blackout, iliyokubaliwa rasmi na watengenezaji wa Marekani mwaka 2011, kwa hiyo ilikuwa bado ngeni. Wa tatu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa na bunduki ndogo inayotumia risasi za bastola za milimita 9. Wote watatu walikuwa wamefunga viwambo kwenye midomo ya mitutu yao, na hati za uandikishaji walikuwa nazo mfukoni. Wa kwanza alisema kwamba wenzake wanarusha mawe. Wa pili akamjibu kwamba anaunguza baruti yake hewani bure. Mzee akawacheka wote wawili, akasema yeye peke yake ndiye anayeweza kupiga risasi bila mbwa wake kuamka.

Mabishano yalininogea. Nikakisogeza kifuniko cha sikio la kushoto ili niyasikie vizuri zaidi. Wakati huohuo mtu wa meza ya kushoto, kiasi cha mita mbili kutoka niliposimama, alifyatua bunduki fupi isiyo na kiwambo. Kosa lilikuwa langu mimi, kwani kanuni za uwanja zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Sikuumia mahali popote palipoonekana. Nilisikia tu mlio kama wa nyenje, nao ukaendelea kwa siku tatu.

Hesabu ya gesi

Tuanze na risasi yenyewe. Risasi kamili, kabla haijapigwa, ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au chuma, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Nyundo ya bunduki ikiigonga fataki, cheche huwasha baruti. Baruti ya kisasa hailipuki kwa mara moja kama baruti ya kupasulia mawe. Huungua, ingawa kwa kasi kubwa mno, na kila gramu yake hugeuka kuwa takriban lita moja ya gesi ikipimwa katika hali ya kawaida. Gesi hiyo yenye joto la maelfu ya nyuzi haina pa kwenda isipokuwa kukisukuma kichwa cha risasi mbele.

Bunduki, basi, ni injini yenye pistoni moja isiyorudi. Kama ilivyo katika injini ya lori, kazi inayofanyika hutegemea mambo mawili: kanieneo, yaani nguvu ambayo gesi hukandamiza kwayo kila sehemu ya eneo, na urefu wa safari ya pistoni. Ikiwa silinda ni fupi, pistoni hutoka kabla gesi haijamaliza kazi yake.

Tuchukue risasi ya 5.56 ya majeshi ya NATO. Kichwa chake kina uzito wa gramu 4 na baruti yake ni gramu 1.7 hivi. Kanieneo ndani ya chumba cha risasi hupanda hadi megapaskali 430, ambayo ni zaidi ya mara 4,000 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Risasi hiyo ilisanifiwa kwa mtutu wa inchi 20, yaani sentimita 51. Katika mtutu huo hutoka kwa kasi ya takriban mita 940 kwa sekunde. Katika mtutu wa inchi 14.5, ambao ni wa bunduki ya M4, hutoka na takriban mita 890. Katika mtutu wa inchi 10 na kidogo, kama ule wa bwana wa kwanza, hushuka hadi mita 780 hivi.

Kwa mtazamaji, tofauti kati ya 940 na 780 si kubwa. Lakini nishati ya mwendo hutegemea kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Fanya hesabu, ndugu msomaji: nusu ya kilo 0.004, mara 940, mara 940, ni karibu jouli 1,770. Kwa mita 780 ni jouli 1,220 tu. Mtutu umekatwa nusu, na karibu thuluthi ya nishati imepotea.

Imepotelea wapi? Nishati haipotei kamwe. Hilo hata mwanafunzi wa kidato cha pili hulijua. Gramu 1.7 za baruti hubeba takriban jouli 6,500. Hata katika mtutu mrefu kichwa cha risasi huchukua kiasi kinachozidi robo kidogo tu. Sehemu nyingine huupasha mtutu joto, na sehemu kubwa hutoka mdomoni ikiwa bado ndani ya gesi. Katika mtutu mfupi fungu hilo la mwisho huongezeka, na hesabu nyingine ndogo itatuonyesha kiasi gani.

Ganda la risasi hiyo lina nafasi ya sentimita za ujazo 1.8 hivi. Ukijumlisha na nafasi iliyo nyuma ya risasi inapofika mdomoni, mtutu wa inchi 20 huipa gesi jumla ya sentimita za ujazo 13 hivi za kutanukia. Mtutu mfupi huipa 7 tu. Robert Boyle, tangu mwaka 1662, alitufundisha kwamba gesi ileile ikibanwa katika nusu ya nafasi, kanieneo yake huwa maradufu, mradi joto halikubadilika. Hapa joto nalo ni kubwa zaidi, kwa kuwa gesi haijapata nafasi ya kupoa kwa kutanuka. Kwa hiyo risasi inapochomoka mdomoni, kama kizibo, gesi inayoifuata nyuma ina kanieneo ya karibu maradufu au hata zaidi. Gesi hiyo huipiga hewa ya nje kama ngumi. Baadhi yake huwaka tena inapokutana na oksijeni, na ndiyo maana bunduki fupi hutoa mwali mkubwa unaoonekana hata mchana. Ndiyo maana pia mtu aliyesimama kando yake huhisi kifua kikipigwa.

Bwana wa pili alisema kweli, basi, aliposema kwamba mwenzake anaunguza baruti hewani. Alichokisahau ni kwamba baruti hiyo haikuwa ya bure. Sisi tuliosimama kando ndio tuliolipia.

Kwa nini risasi tatu tofauti

Sasa tuitazame risasi ya 300 Blackout, kwani ni jibu la makusudi kwa tatizo hili. Waliobuni aina hii walichukua ganda la 5.56, wakalifupisha, na kulipanua mdomo ili libebe kichwa cha milimita 7.62. Wazo lilikuwa la zamani kidogo, kwani risasi ya namna hiyo iitwayo 300 Whisper ilikuwa imekwisha kubuniwa nchini humo. Tundu likiwa pana, kichwa cha risasi huwa na mgongo mkubwa wa kusukumwa. Gesi hupata nafasi ya kutanuka upesi, na baruti inayotumika ni ya kuungua haraka. Matokeo yake ni kwamba kazi kubwa huwa imekwisha kufanyika katika inchi 9 hivi za mwanzo. Hapo mtutu mfupi si hasara kubwa.

Risasi hiyo huuzwa kwa namna mbili. Moja ina kichwa chepesi cha gramu 8 hivi, chenye kasi ya takriban mita 675 kwa sekunde katika mtutu wa inchi 16. Nyingine ina kichwa kizito cha gramu 14, nayo imepunguzwa kasi kwa makusudi hadi mita 310. Ya kwanza ina jouli 1,800 na ushei, ya pili haifiki 700. Mtu anaweza kushangaa kwa nini afanye kazi kubwa ya kubuni risasi na kisha aipunguze nguvu hivyo. Sababu nitaieleza mbele, tukimfikia Ernst Mach.

Hapa lazima nitoe tahadhari, maana huu upacha wa bunduki mbili si jambo la kuchekea. Magazini ni ileile na chumba cha risasi kinafanana. Mtu akichanganya risasi zake mezani, risasi ya 300 huweza kuingia katika bunduki ya 5.56. Akifyatua, kichwa cha milimita 7.62 hutakiwa kupita katika tundu la milimita 5.56. Hakipiti. Gesi hukosa njia, na bunduki hupasuka mbele ya uso wa mwenyewe. Ajali za namna hii zimetokea mara nyingi, nazo hazitokani na chuma kibovu bali na mikono iliyozoea.

Ya mzee haina mengi. Risasi ya milimita 9, iliyosanifiwa na Georg Luger mwaka 1902, ilizaliwa kwa ajili ya bastola. Baruti yake haifiki hata nusu gramu, nayo huisha kuungua katika sentimita chache za mwanzo. Kuiwekea mtutu mrefu huongeza kasi kidogo tu. Kwa hiyo mtu anayeulizwa ni mtutu gani bora, mfupi au mrefu, hana jibu mpaka aambiwe ni risasi gani. Mabishano mengi ya wapenzi wa silaha hukwama hapa. Hulinganisha mitutu peke yake, au risasi peke yake, au viwambo peke yake, ilhali gesi inayofanya kazi ni moja na hupita katika vyote vitatu kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Yafaa nitaje kwa ufupi kwamba huko Marekani bunduki fupi ina utamu mwingine usiohusiana na fizikia. Sheria ya Taifa ya Silaha ya mwaka 1934 iliziweka bunduki za mitutu mifupi na viwambo katika fungu moja na bombomu, na kutoza dola 200 kwa kila kimoja, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Leo kikomo ni inchi 16 kwa bunduki ya kawaida na 18 kwa bunduki ya marisau. Sheria nyingine iliyotiwa saini Julai 2025 ilifuta kodi hiyo kwa bunduki fupi na viwambo kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ila haikufuta uandikishaji. Kitu kilichozungukwa na karatasi nyingi hutamaniwa. Sidhani kama mabwana wale wangebishana kwa bidii ileile juu ya mtutu wa inchi 20.

Baba kiziwi na mwana mwenye kiwambo

Lugha yetu ina jambo la kupendeza hapa. Kuwamba ni kukaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma, na kile kilichowambwa ni kiwambo. Utando unaotetema ndani ya sikio tunauita kiwambo cha sikio. Na kile chombo kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza mlio nacho tumekiita kiwambo. Vitu viwili vilivyo kwenye ncha mbili za safari moja ya sauti vimepewa jina moja. Sijui kama waliofanya hivyo walikusudia.

Kiwambo cha bunduki kilichouzwa kwa mafanikio kilibuniwa na Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baba yake alikuwa Hiram Stevens Maxim, mbuni wa bombomu ya mwaka 1884 iliyobeba jina lake. Silaha za aina hiyo twazijua hata sisi, kwa kuwa Wajerumani walizitumia dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji katika miaka ya 1905 hadi 1907. Maxim baba, baada ya miaka mingi ya kuijaribu mitambo yake, alikuwa kiziwi. Mwana alitumia kanuni ileile ya kiwambo chake katika mabomba ya kutolea moshi wa injini. Pikipiki inayopita mbele ya dirisha lako ina jamaa wa chombo hicho chini ya kiti, isipokuwa kijana mwenyewe awe amekiondoa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kiwambo ni mkebe wenye vyumba vilivyotengwa kwa sahani zenye tundu katikati. Kichwa cha risasi hupita moja kwa moja. Gesi inayokifuata hupanuka na kuingia pembeni, hugongana na kuta, huzunguka, huwapa chuma sehemu ya joto lake, na hutoka nje ikiwa imechelewa na kupungua kanieneo. Ni kama umati unaotoka uwanja wa mpira: ukipitishwa katika ua lenye vizuizi hutoka kwa utaratibu, ukifunguliwa lango moja hutoka kwa vishindo. Jumla ya watu haikupungua.

Je, unafuu ni kiasi gani? Kwa kipimo cha desibeli, bunduki ya 5.56 isiyo na kiwambo hufika 160 hadi 165 na ushei karibu na mdomo. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Kipimo hiki si cha kujumlisha kama machungwa. Kila desibeli 20 ni mara kumi ya kanieneo ya wimbi la sauti. Desibeli 165 ni paskali 3,500 hivi. Ukitoa desibeli 30 unabaki na 135, ambazo ni paskali 112. Kanieneo imepungua kwa mara 32, na huo ni msaada mkubwa sana. Hata hivyo desibeli 135 si mlio wa kizibo cha chupa. Jirani wa riwaya angeamka, na mbwa wake pia.

Kuna lingine ambalo waandishi wa riwaya hulisahau. Kiwambo huibana gesi, na gesi iliyobanwa hutafuta mlango mwingine. Katika bunduki inayojipakia yenyewe, hasa yenye mtutu mfupi, sehemu yake hurudi nyuma na kutokea tundu la kutolea maganda, ambalo liko sentimita chache tu kutoka shavuni mwa mpigaji. Moshi huo huwa na chembe za risasi ile ya madini, ambayo ni sumu. Bwana wa kwanza alikuwa akifuta machozi kila baada ya kupiga. Wenzangu walidhani ni vumbi.

Mlio usiozibika

Hata kama kiwambo kingekuwa kamilifu, kuna sauti isiyotokea mdomoni mwa bunduki kabisa. Mwaka 1887 Ernst Mach na Peter Salcher walitangaza picha za risasi ikiwa hewani, zilizopigwa kwa mwanga wa cheche ya umeme. Mbele ya risasi na nyuma yake yalionekana mawimbi yaliyopanuka kama yale yanayofuata boti iendayo kasi. Kitu kikipita hewani kwa kasi kuliko sauti, hewa haipati habari mapema ili ijitenge. Husukumwa kwa ghafula, na wimbi la mshtuko huambatana na kitu hicho njia nzima. Mtu aliye pembeni husikia mwaliko mkali kama wa mjeledi. Mwaliko huo huzaliwa kila mahali risasi inapopita, hata mita mia mbili kutoka kwenye bunduki. Kiwambo kilichobaki nyuma hakiwezi kuufanya lolote.

Ndiyo sababu bwana wa pili alikuwa na risasi nzito ya mita 310 kwa sekunde. Kasi ya sauti katika nyuzi 20 ni mita 343. Akibaki chini yake, mwaliko hautokei, na kiwambo hubaki na adui mmoja tu. Mzee naye alichagua vichwa vizito vya milimita 9 vya mita 300 hivi kwa sababu hiyohiyo. Waingereza waliligundua hili katika Vita Kuu ya Pili, walipounda bunduki ya De Lisle kwa risasi ya bastola ya inchi 0.45, ambayo kwa asili yake haivuki mita 260 hivi. Baadaye Wajerumani wa kampuni ya Heckler & Koch walikwenda kinyume. Katika bunduki yao ya MP5SD walitoboa matundu katika mtutu wenyewe ili kuichuja gesi mapema, na hivyo risasi ya kawaida ya milimita 9 hushushwa chini ya kasi ya sauti kabla haijatoka.

Lakini kasi ya sauti haikai mahali pamoja. Huongezeka kwa karibu mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 30 ni mita 349. Asubuhi ya majira ya baridi huko nilikosomea, nyuzi 10 chini ya sifuri, ni 325. Risasi ya mita 335 ingenyamaza Dar es Salaam na kualika huko. Nilipowaambia hivyo mabwana wale, wa pili alicheka na kusema kumbe ndiyo sababu bunduki yake hugombana naye mwezi Januari.

Kinachotokea sikioni

Nimesema kwamba somo langu ni sikio, na sasa tumelifikia. Wimbi la sauti hukitikisa kiwambo cha sikio. Mifupa mitatu midogo huupeleka mtikiso kwenye mfereji uliojikunja kama kombe la konokono, uliojaa maji. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, na hizo ndizo zinazougeuza mtikiso kuwa habari ya kwenda ubongoni. Binadamu huzaliwa na hazina hiyo moja. Seli ikifa, haioti nyingine.

Mwili wetu umejaliwa kinga. Sauti kubwa ikianza, msuli mdogo ndani ya sikio hujikaza na kuifunga mifupa ile isitikisike sana. Msuli huo huhitaji sehemu kadhaa za mia za sekunde. Ngurumo humpa muda huo, na hata kelele za mashine humpa. Wimbi la bunduki hufika kileleni kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu. Mlango hufungwa mwizi akiwa amekwisha toka.

Kwa sauti za ghafula wataalamu wameweka kikomo cha desibeli 140 ambacho sikio tupu lisikivuke hata mara moja. Bunduki yetu ya 165 inakipita kwa zaidi ya mara 17 ya kanieneo. Vizibo vizuri vya masikio hupunguza desibeli 20 hadi 30 vikivaliwa sawasawa. Ukiongeza vifuniko juu yake hupati 30 nyingine, bali kama 5 tu, kwa sababu sauti huanza kupitia mifupa ya kichwa. Kwa mtutu mfupi hata hizo 5 zina thamani. Nchini Finland na Norway wawindaji wengi hutumia viwambo kama jambo la kawaida la afya, nao huvaa vifuniko vilevile. Huo ndio utumiaji ninaouona wa busara: kiwambo kikiwa nyongeza ya kifuniko, si badala yake.

Madhara hayaanzi mahali pamoja. Seli za kwanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, za mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Irabu zetu ziko chini ya hapo, kwa hiyo mgonjwa husema anasikia vizuri, ila watu wa siku hizi hawatamki wazi. Zinazompotea ni konsonanti kama s, sh, f na th. Sikia, fikia na shikia huwa neno moja. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, sikio la kushoto huumia zaidi, kwa kuwa ndilo linalouelekea mdomo wa mtutu, na la kulia hukingwa na kichwa chenyewe. Daktari mwenye uzoefu huweza kutambua mwindaji kwa kutazama karatasi.

Karatasi yangu ninayo. Nilipimwa wiki mbili baada ya ile Jumamosi, na nimepimwa tena mara mbili tangu nirejee nyumbani. Mstari wa sikio la kulia umenyooka. Wa kushoto unakwenda sambamba nao hadi mitetemo 2,000, kisha unaporomoka kwenye 4,000, na kupanda tena kwenye 8,000, mfano wa bonde kati ya vilima viwili. Darasani nimezoea kusimama upande wa dirisha, ili wanafunzi wangu wote wawe kuliani kwangu. Wao hudhani napenda upepo.